Je, mama mkwe wangu ni mzao wa John Howland wa Mayflower? Naomba msaada wa nyaraka

Mama Pacha

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada wa waliozoea kuchimba nyaraka za zamani za Marekani.

Mume wangu ni mzaliwa wa Rochester, New York. Mama yake ametunza karatasi ya ukoo iliyopigwa taipu, kurasa tatu, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imeanza kutoboka. Inasema ukoo wao unatoka kwa John Howland aliyefika Plymouth, pwani ya Massachusetts, na meli ya Mayflower iliyoleta walowezi wa Kiingereza mwaka 1620, kupitia binti yake Hope, aliyeolewa na John Chipman na kuishi Barnstable, katika Massachusetts hiyohiyo. Wanangu wanaipenda sana habari ya Howland: alikuwa kijana mtumishi wa John Carver, dhoruba ikamtupa baharini katikati ya safari, akadaka kamba ya tanga iliyokuwa inaburuzwa majini, akaing'ang'ania hadi mabaharia wakamvuta. William Bradford, aliyekuja kuwa gavana, aliyaandika hayo mwenyewe.

Mama mkwe umri umekwenda, na anatamani mno kuingia katika Shirika la Wazao wa Mayflower akiwa bado na nguvu. Mama huyu amenipokea kama binti yake wa kumzaa, kwa hiyo nataka kumfanyia jambo hili, na nataka liwe la kweli.

Karatasi ina majina tu, haina ushahidi. Kuanzia kwake kurudi nyuma nimepata vyeti, sensa na mawe ya makaburi mpaka kwa mkulima mmoja aliyezaliwa 1794 huko Massachusetts, akafia Ontario County, New York. Jina la ukoo naomba nilihifadhi. Hapo nimegota ukutani. Sensa ya 1850 inamtaja yeye, mkewe na watoto, lakini wazazi wake hawaonekani popote. Karatasi inasema baba yake "alitoka Barnstable", basi. Nilikuwa najiandaa kuagiza hati za mashamba za Barnstable za miaka ya 1790 na 1800 nione nani aliuza shamba akahama. Niendelee?

Mwana wa Mwambao

Dada, kabla hujatoa hela, fahamu kwamba kazi ya huku juu imeshafanywa. Shirika hilo lipo tangu 1897 na limechapisha vitabu vyenye jalada la rangi ya fedha vinavyofuatilia wazao wa abiria hadi kizazi cha tano, kila mtu na ushahidi wake. Hutakiwi kuthibitisha upya kwamba Hope ni binti wa Howland. Unachotakiwa ni kumuunganisha mkulima wako na mtu aliyemo humo. Pia mwandikie mwanahistoria wa shirika katika jimbo lenu umjazie fomu ya awali. Pengine binamu fulani aliomba miaka mingi iliyopita kupitia mstari uleule, na nusu ya safari ikawa imekwisha.

Bi Kumbukumbu

Mama Pacha mdogo wangu, hati za mashamba ziache kwanza. Mwaka 1827 jengo la kaunti la Barnstable liliungua na karibu madaftari yote ya mashamba yakateketea. Baadhi ya wenye mashamba walirudi na hati zao halisi zikasajiliwa upya, lakini ya mtu aliyehama zamani hukuti kirahisi. Madaftari ya mirathi mengi yaliokolewa. Huko ndiko utakakoishia, ila bado hujafika.

Mimi naishi karibu na Boston, na nimezeeka katika chumba cha kusomea cha jumuiya ya nasaba ya New England (eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, Massachusetts ikiwemo) pale Newbury Street, jumuiya iliyoanzishwa 1845. Watu huingia pale wakiwa na hofu na mwaka 1620. Hofu hiyo ingefaa kuelekezwa kwenye miaka ya 1780 hadi 1850, kwa sababu hapo ndipo nasaba nyingi hukatika. Makarani wa miji ya Massachusetts waliandika vizazi, ndoa na vifo tangu zama za ukoloni, na kwa miji mingi kumbukumbu za hadi 1850 zimechapishwa. Kisha watu wakahama. Phelps na Gorham, wafanyabiashara wa ardhi, walinunua eneo kubwa la magharibi ya New York mwaka 1788, na familia kutoka New England zikamiminika, Ontario County ikiwemo. New York haikuwa na utaratibu wa kudumu wa kusajili vizazi na vifo mpaka miaka ya 1880. Sensa za taifa za 1790 hadi 1840 humtaja mkuu wa kaya peke yake. Waliobaki ni alama tu katika safu za umri. Mtoto wa 1794 aliyeletwa kule akiwa mdogo anapotea machoni hadi awe na nyumba yake.

Kwa hiyo anza na sensa ya jimbo la New York ya 1855. Kila mtu ametajwa, uhusiano wake na mkuu wa kaya umeandikwa, na kuna safu inayosema ameishi katika mji huo miaka mingapi. Mkulima wako alikuwa na miaka kama 61. Ikionyesha ameishi hapo miaka 50 na zaidi, basi alikuja mtoto, na lazima kulikuwa na mtu mzima aliyemleta. Huyo mtafute kwenye sensa ya 1810 ya mji huohuo, mwenye jina lenu la ukoo na mvulana ndani ya nyumba katika safu ya miaka 10 hadi 15 au ya 16 hadi 25.

Halafu nenda kwenye faili za pensheni za Vita vya Mapinduzi, yaani vita vya uhuru vya Marekani dhidi ya Waingereza. Hapa naomba unisikilize vizuri, maana katika nyaraka zote za kipindi hicho hizi ndizo zinazonipa furaha kubwa kuliko zote. Sheria ya 1832 ilimruhusu mzee aliyetumikia walau miezi sita kuomba pensheni kwa kuapa mahakamani mwa kwao. Aliulizwa alizaliwa wapi na mwaka gani, umri wake umeandikwa wapi, alikuwa akiishi wapi alipoitwa vitani, na ameishi wapi tangu vita viishe. Yaani karani wa 1832 anamuuliza yale hasa unayotamani kumuuliza wewe leo! Baba wa mtoto wa 1794 ana umri unaofaa kabisa. Na kama alifariki kabla ya mkewe, mjane naye aliweza kuomba, akitakiwa kuthibitisha ndoa. Wengine walichana ukurasa wa Biblia ya familia wenye majina ya watoto wakautuma Washington, na ukurasa huo bado umo ndani ya faili. Nimewahi kufungua mmoja ulioandikwa na mikono mitatu: wa kwanza wino umefifia ukawa wa kahawia, wa mwisho bado mweusi, na mtoto mmoja amefutwa jina kisha likaandikwa tena kwa aliyezaliwa baada ya kufiwa na wa kwanza.

Tovuti ya nasaba ya FamilySearch ni bure ukishajisajili. Tafuta faili zima, muhtasari usikutosheleze.

Kijana wa Nasaba

Mbona msipime DNA tu mkamaliza?

Bi Kumbukumbu

Mwanangu, kwa umbali huu haimalizi. Kizazi cha kumi nyuma kila mtu ana nafasi 1,024 za mababu, na wengi wao hawakuacha hata chembe katika damu yake. Kipimo cha kromosomu Y hufuata baba kwa baba, na mstari huu unapita kwa Hope, mwanamke. Kipimo cha upande wa mama kinataka mama kwa mama bila kukatika, na huyo mkulima wa 1794 ameshaukata. DNA inaweza kumsaidia Mama Pacha kupata binamu wa huyo mkulima, hilo ni la maana, lakini Howland mwenyewe haonekani humo.

Mama Pacha

Bi Kumbukumbu, mikono inanitetemeka ninapoandika. Sensa ya 1855 inasema mkulima wetu ameishi mjini hapo miaka 52. Sensa ya 1810 ina mwanamume mmoja tu wa jina hilo katika mji wote, na jina lake la kwanza ndilo lililo kwenye karatasi. Na faili la pensheni lipo! Aliapa mwaka 1832 mahakamani Canandaigua kwamba alizaliwa Barnstable 1761, kwamba umri wake aliusoma katika Biblia ya baba yake, kwamba mara ya kwanza alikwenda jeshini kushika nafasi ya kaka yake, na kwamba alihamia Ontario County mwaka 1803. Miaka 52 kabla ya 1855 ni 1803! Nimemsomea mama mkwe kwa simu, akaniomba nirudie pale pa kaka.

Sasa kikwazo. Barnstable ya wakati huo ina wavulana watatu wa jina hilohilo, wamezaliwa kati ya 1758 na 1763, wote ni binamu. Mmoja tu ndiye mjukuu wa mtu aliyemo kwenye vitabu vya fedha kupitia Hope. Ndiye wetu, au nimtamani tu?

Bi Kumbukumbu

Hongera sana, mwanangu. Mshukuru Mungu kwa huyo mzee aliyesema mambo yake waziwazi.

Kuhusu hao watatu, usimchague unayempenda, waondoe mmoja mmoja. Yupi alifariki mdogo? Yupi bado anaonekana Barnstable kwenye sensa ya 1810 au 1820? Huyo hawezi kuwa wako, maana wako alikuwa ameshahama. Angalia pia kama kila mmoja alikuwa na kaka wa umri wa kwenda jeshini. Aliyekuwa mtoto wa kiume pekee hakuwa na kaka wa kumshikia nafasi. Usidanganywe na maneno "Mkubwa" na "Mdogo" baada ya majina. Zama hizo yalitofautisha wenye jina moja mjini hata kama si baba na mwana, na mkubwa akifariki aliyekuwa mdogo anapanda. Ukikuta tarehe kama Februari 1731/2 kwa kizazi kilichotangulia, hiyo ni kalenda ya zamani: mpaka 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo kwa hesabu yetu ni 1732.

Kisha ingia kwenye mirathi. Soma wosia wa baba wa kila mmoja, au mgawanyo wa mali kama hakuacha wosia. Aliyehama mara nyingi anapewa kidogo sana, dola chache "pamoja na alivyokwisha kupokea", na wajukuu husoma wakadhani alichukiwa. Alikuwa ameshapewa fungu lake wakati wa kuondoka. Unachotafuta hasa kiko nyuma ya wosia, katika karatasi za msimamizi: stakabadhi ya mrithi aliyepokea fungu lake, ametia sahihi, na mahali anapoishi pameandikwa Ontario County. Ukiipata hiyo, linganisha sahihi yake na ile ya kiapo cha 1832.

Mwana wa Mwambao

Naongeza moja kuhusu ile karatasi ya taipu. Dada, inasema mke wa John Howland alikuwa nani? Zamani watu waliamini Elizabeth alikuwa binti wa gavana Carver. Mswada wa Bradford wa historia ya Plymouth ulikuwa umepotea tangu vita vya uhuru, ukapatikana London katika maktaba ya askofu, ukachapishwa 1856, na humo Bradford anasema wazi kwamba alikuwa binti wa John Tilley. Nauliza pia kwa sababu mwanzoni mwa karne ya 20 New York kulikuwa na mtu aitwaye Gustave Anjou aliyetengeneza nasaba za kubuni kwa kulipwa, na kazi zake bado zinanakiliwa.

Mama Pacha

Inasema "binti wa Gavana Carver"! Ina maana yote ni batili?

Bi Kumbukumbu

Hapana. Ina maana sehemu ya juu ilinakiliwa kutoka kitabu cha zamani au kwa mtu aliyekinakili. Sehemu ya chini, ile ya Ontario County, aliyeipiga taipu huenda aliisikia kwa bibi yake, na mpaka sasa kila ulichokagua humo kimesimama. Ipime mstari kwa mstari. Anjou alipenda kuwapeleka wateja wake hadi kwa watu wakubwa wa Ulaya. Karatasi yenu inaishia kwa mtumishi aliyeanguka baharini.

Niandikie majina ya wale baba watatu kwa ujumbe wa pembeni. Alhamisi niko Newbury Street, nitaanza na yule aliyefariki karibu zaidi na 1803, kwa sababu mtoto mara nyingi aliondoka baada ya mali kugawanywa. Na mwambie mama mkwe atafute cheti chake cha ndoa. Shirika litakitaka, na watu hukisahau hadi dakika ya mwisho.