Tupeane uzoefu: mtoto wako wa gredi ya kwanza amekuja na nini nyumbani?

Mama Umoja

Wazazi wenzangu, hamjambo. Ripoti za muhula ziko njiani, na kama kawaida zitatuambia mtoto "amefikia matarajio" au "anakaribia matarajio", tutie sahihi, turudishe. Sina ugomvi nazo, ila mtoto mwenyewe simwoni humo. Hapa naomba kitu kimoja tu: jambo ambalo mwanao wa gredi ya kwanza, au aliyetoka huko juzi, alijifunza darasani ukaliona kwa macho yako likifanya kazi nyumbani, dukani, kwa matatu, popote. Msitubandikie mtaala, tunao.

Naanza mimi. Kwetu ni pesa. Shuleni wanafundishwa kutambua sarafu na noti, na binti yangu amezishika sarafu kwa wanyama wake, hizi zilizotoka mwaka wa 2018: twiga ni shilingi 1, kifaru 5, simba 10, ndovu 20. Hasemi ishirini, anasema ndovu. Simba wawili ni ndovu mmoja, vifaru wanne pia ni ndovu mmoja, hilo atakuambia hata ukimwamsha usiku. Juzi nimemtuma sukuma ya ndovu mmoja kwa mama mboga wa hapa chini, nikampa noti ya 50, mimi niko dirishani namchungulia. Mama mboga anakata sukuma huku anapiga stori na wateja, akamrudishia simba wawili. Mtoto hakuondoka. Akazipanga zile sarafu kwenye meza ya nyanya, akazigusa moja moja, kisha akamwangalia usoni: "Shosh, simba mmoja amebaki kwako." Mama mboga alicheka mpaka akaweka kisu chini.

Kuna kasoro ndogo. Sarafu za zamani zenye vichwa vya marais hazitaki. Anasema hazina mnyama, kwa hivyo si pesa. Nimemweleza bado zinatumika, hajaniamini.

Penseli Haikai

Wangu amejifunza kupoteza penseli. Na kifutio. Na sweta. Nasubiri siku atakayorudi bila begi.

Mwalimu wa Gredi ya Kwanza, Eastlands

Mimi niko upande wa pili wa geti, kwa hivyo mnivumilie nikirefusha. Malalamiko ninayoyapata sana mwanzo wa mwaka ni haya: "Mwalimu, mtoto wangu akiwa nasari alikuwa anaimba ei, bii, sii yote, amefika kwako amesahau." Hajasahau. Tunamfundisha sauti ya herufi, si jina lake. Ukimwachia majina, neno "mama" analisoma em-ei-em-ei, na hapo hajasoma kitu. Akijua m inavyovuma midomo ikifungwa, akaongeza a, amepata ma. Akirudia, neno limekamilika. Kutoka hapo ni ngazi kwa ngazi: ma me mi mo mu, ba be bi bo bu, halafu zile ngumu, mba, nya, ng'o. Hiyo ng'o ndiyo inayonizeesha. Ng'ombe wangu wengi darasani ni "ngombe" mpaka muhula wa tatu.

Kiswahili kinatubeba kwa sababu irabu ni tano na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto akizishika silabi anaweza kukusomea hata neno asilolijua maana. Kiingereza hakina huruma hiyo: a ya "cat" si a ya "cake", na "said" haifuati sheria yoyote. Kwa hivyo ukimwona anasoma Kiswahili vizuri na Kiingereza kinamkwamisha, usimpigie kelele. Ndivyo lugha zenyewe zilivyo.

Vitabu vya Tusome, ule mpango wa serikali wa kufundisha watoto kusoma, vilipoanza kuingia shule za umma mwaka wa 2015, kila mtoto na chake, kazi yangu ilibadilika. Kabla ya hapo walikuwa wanne wanasukumana juu ya kitabu kimoja, na yule aliyekaa ng'ambo ya dawati alijifunza kusoma maneno yakiwa yamepinduka.

Mnataka niliyoyaona, haya. Nilikuwa na kijana mmoja mkimya, kipindi cha nusu saa kinaisha hajafungua mdomo. Siku moja baada ya mapumziko wenzake wameingia, yeye hayupo. Nikamkuta kwenye tangi la maji. Kuna maandishi ya rangi pale: MAJI YA KUNAWA TU. Ameweka kidole kwenye herufi, anasukuma: "Ma… ji. Maji." Nikamwambia twende. Akasema, "Ticha, bado sijamaliza." Nikasimama naye mpaka akafika "tu". Halafu akauliza kwa nini hawakuandika ya kunywa ni gani.

Shikamoo Mlangoni

Somo la maamkizi limemwingia wangu hadi kwenye mifupa. Shikamoo kwa soja wa geti, shikamoo kwa kondakta, shikamoo kwa vijana wa miraa pale kona. Huku Nairobi tumezoea "sasa" na "niaje", basi wale vijana wanaangaliana hawajui wajibu nini. Mmoja alimwambia "poa". Mtoto akamsahihisha: "Sema marahaba."

Baba Kizamani

Nawasoma tu. Mimi ni zao la 8-4-4, ile ya miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, iliyoanza mwaka wa 1985. Darasa la kwanza tulikunywa maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali ya Moi, tukachapwa kidogo, na muhula ukiisha unajua wewe ni nambari ngapi. Sasa mwanangu "anakaribia matarajio". Anakaribia akitokea wapi? Na kila wiki leta katoni, leta gundi, leta vifuniko vya chupa, mzazi piga picha utume kwa WhatsApp. Nani yuko shule, mimi au yeye?

Mama Umoja

Baba Kizamani, karibu. Kuchapwa kulipigwa marufuku mwaka wa 2001, hilo tusilirudishe hata kwa utani. Kuhusu katoni niko na wewe, kuna wiki nafikiri nafungua kiwanda. Lakini kumwambia mtoto wa miaka sita kuwa ni wa mwisho darasani sijaona kulimsaidia nani. Tupe hadithi, si ripoti.

Ghorofa ya Sita, Pipeline

Hiyo ya leta hiki leta kile naijua, ila acha niwape ya maharagwe. Somo la mazingira waliambiwa kila mtu apande maharagwe nyumbani, ayatunze, kisha ayapeleke shuleni. Pipeline mnaijua. Ghorofa zimebanana, dirisha langu linatazamana na la jirani, ukinyoosha mkono unaweza kumpitishia chumvi. Taa tunawasha saa sita mchana. Kijana akachukua kopo la majarini, pamba yenye maji, mbegu tatu, akaweka kando ya sinki.

Yakaota. Yakapanda juu, jamani! Kila asubuhi kabla ya uji anayapima kwa vidole na kupiga kelele nije nione. Siku ya kuyapeleka aliondoka akijua yeye ndiye mshindi. Jioni akarudi amenuna. Ya wenzake yalikuwa mafupi, lakini shina nene na majani ya kijani kibichi. Yake yalikuwa marefu, membamba, ya manjano, yamelala kama uzi. Mwalimu amemweleza kwamba mmea ukikosa mwanga unajinyoosha kuutafuta, na ule ukijani haupatikani gizani.

Hakula mpaka tumepanda juu kwenye paa, tunakoanika nguo. Akaotesha mengine, kopo moja akaliweka kati ya kamba, upande unaopigwa na jua la asubuhi, na lingine akalirudisha palepale kando ya sinki. Nikamuuliza hilo la sinki la nini, si tumeshajua. Akasema anataka kuona tena. Keyateka, yaani mtunza jengo letu, alipoanza kufoka kwamba kuna mtu ameweka takataka zake juu, mtoto akamshika mkono, akamteremsha ngazi zote mpaka jikoni kwetu, akamwonyesha lile la manjano, akampandisha tena amwonyeshe la kijani. Yule mzee ana tumbo, alifika anahema. Siku hizi Jumapili tukienda kanisani keyateka ndiye anayemwagilia.

Kisha kijana akaniuliza mbona mtoto wa ghorofa ya kwanza si mrefu kuliko yeye. Nikamwambia aende akaoge.

Baba Kizamani

Hiyo nimeipenda, siwezi kudanganya. Lakini kijana alikuwa wa ngapi?

Ghorofa ya Sita, Pipeline

Wa Pipeline.

Shosh wa Dandora

Wanangu, mimi nalea mjukuu. Alichojifunza ni mstari. Shuleni kwao kuna chakula cha mchana cha kaunti, kile cha shilingi 5, mtoto anavaa kijibangili mkononi, anakigusisha, anapewa sahani yake. Kabla ya hapo wanapanga mstari, na kabla ya mstari wananawa huku wanahesabu moja mpaka ishirini. Sasa amekuja na sheria hizo nyumbani. Kunawa, moja mpaka ishirini, ukiruka kumi na saba unaanza upya. Hapa kwangu watu wazima wamerudishwa kwenye karai.

Lakini kituko kilikuwa steji mjini, jioni, mvua imetishia. Mnajua gari likifika watu wanavyolivamia. Mtoto akaachia mkono wangu, akasimama mbele ya mlango, akainua mkono kama mwalimu: "Mstari! Mdogo mbele, mkubwa nyuma!" Nikataka ardhi inimeze. Ajabu ni kwamba watu walicheka, wakajipanga. Mimi ndiye niliyeambiwa nikae nyuma, kwa sababu ni mkubwa.

Mikono Inaongea

Wangu ni kiziwi, yuko gredi ya kwanza. Wenzake wakiwa kwa Kiswahili, yeye anasoma Lugha ya Ishara ya Kenya, inakaa mahali pa somo hilo kwenye ratiba. Alikuja na alfabeti ya vidole. Kwanza akatufundisha sisi majina yetu, herufi moja moja, na ukikunja kidole vibaya anakushika anakurekebisha. Baadaye akashuka uani. Nikisikia kimya huko chini nilikuwa nashtuka, mtoto yeyote akinyamaza kuna ubaya. Nikachungulia: watoto wa ploti nzima wameketi kwenye ngazi, kila mmoja anaandika jina lake hewani, na yeye anapita kukagua kama inspekta. Mmoja wao jina lake lina herufi tisa. Aliachwa akafanye mazoezi peke yake.

Dereva wa 46

Wangu ameingia gredi ya pili, naomba niruhusiwe. Darasani kwao hisabati ni kwa Kiingereza, nyumbani tunaishi kwa Kiswahili, basi saa ikawa vita. Mshale mfupi uko kwenye 7, mwalimu anataka saba, guka wake, yaani babu, anataka saa moja. Mtoto akawa anajibu kulingana na aliyeuliza. Walitengeneza saa ya katoni shuleni (Baba Kizamani, ndiyo, katoni yangu), na siku moja amekaa sakafuni ameweka penseli juu yake, ananiita. "Baba, ukitoka 7 ukavuka katikati mpaka ng'ambo, unafika 1. Ukitoka 8 unafika 2. Ukitoka 12 unafika 6." Penseli anaizungusha. Nikamjaribu, mshale uko kwenye 10. Penseli ikavuka: "Saa nne!"

Mimi naendesha gari miaka yote naangalia saa, hilo sikuwahi kuliona. Nikamwonyesha kondakta wangu, naye akaanza kuvusha kidole kwenye saa yake ya mkononi, abiria wanapiga mabati tuondoke.

Mama Kona

Mwalimu wa Eastlands, kama bado uko hapa. Wangu ndiye uliyemtaja, Kiswahili anasoma mpaka matangazo ya ukutani, Kiingereza akifungua kitabu anaanza kulia. Nimtafutie tuisheni?

Mwalimu wa Gredi ya Kwanza, Eastlands

Dada, tuisheni iache kwanza. Chukua pakiti ya unga iliyokwisha, ikate vipande, kila kipande uandike neno moja la Kiingereza lisilosomeka kwa sauti zake: "the", "said", "come", "was". Machache tu. Bandika mlangoni, kila akipita alitaje moja. Hayo anayashika kwa macho. Yale yanayofuata sauti, kama "cat", "pin" na "sun", mwache ayajenge mwenyewe polepole, nawe usimalizie neno kabla hajafika mwisho. Soma naye kidogo kila jioni, ukurasa mmoja unatosha, na ukurasa uleule ukirudiwa kesho si dhambi.

Akianza kulia funga kitabu, umsomee wewe hadithi ya Kiswahili. Ikifika katikati ya muhula wa pili akawa bado hasogei, njoo darasani tuongee, na kabla ya hapo mpeleke apimwe macho na masikio. Nimewahi kuwa na msichana tuliyedhani kusoma kunamshinda, kumbe ubao wenyewe alikuwa hauoni. Alipovishwa miwani alisoma ukuta mzima wa darasa, pamoja na jina la mtu aliyetengeneza dawati.