Kuuza mashamba ya umwagiliaji na malisho: kwa pamoja, kwa mafungu, au ardhi na maji kila kimoja peke yake?

Msimamizi wa Mirathi (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Marehemu baba alituachia mashamba manne. Mawili yako bondeni, yanamwagiliwa kwa maji ya mto na visima, na tunalima humo mahindi, ngano na lusani (majani ya kulishia mifugo). La tatu ni la malisho na linapakana na hayo mawili kwa upande wa juu. La nne ni ranchi iliyo mbali, mwendo wa karibu siku nzima kwa lori la mifugo. Warithi tuko sita, na tumekubaliana kuuza kabla ya msimu ujao wa kupanda. Madalali wametuletea njia tatu: kuuza yote kwa mnunuzi mmoja pamoja na ng'ombe, mitambo na mazao yaliyomo; kuuza kwa mafungu, kila shamba na mnunuzi wake; au kutenga haki ya maji, yaani ruhusa ya kuchota maji ya kumwagilia, na kuiuza peke yake, kwa hoja kwamba maji siku hizi yana thamani kuliko udongo. Kila dalali anaisifu njia yake. Naomba mniambie tulinganishe nini kabla hatujalinganisha bei.

Mthamini wa Ardhi

Pole kwa msiba, ndugu. Kuuza kwa pamoja kunavutia kampuni na mifuko ya uwekezaji, ambayo haipendi kuhangaika na hati kumi ndogo ndogo, na kunawaokoa ninyi na hatari ya kubaki na kipande kisichotakiwa na mtu. Lakini kadiri fungu linavyokuwa kubwa ndivyo idadi ya wanaoweza kulimudu inavyopungua, na ushindani ukipungua bei nayo hushuka. Kuuza kwa mafungu kunamwingiza mtu mmoja ambaye madalali wakubwa humsahau, yaani jirani. Hakuna anayeweza kulipa vizuri kwa shamba dogo kuliko yule ambaye shamba hilo linamuunganishia ardhi yake na mto.

Kuna mfano unaofaa kutafakariwa. Kampuni ya S. Kidman & Co ya Australia, iliyokuwa na ranchi zilizoenea takribani kilomita za mraba 100,000, ilipowekwa sokoni, serikali ilikataa mwaka 2015 isiuzwe kwa wageni, ikieleza kwamba sehemu kubwa ya ranchi moja, Anna Creek, iko ndani ya eneo la majaribio ya silaha la Woomera. Aprili 2016 waziri wa fedha alipinga ombi jingine, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba kuuza ranchi zote kama fungu moja kumewawia vigumu wanunuzi wa ndani kushindana. Hatimaye Anna Creek ilitengwa na kuuzwa kwa familia ya wafugaji wa humo humo, na zilizobaki zikanunuliwa na Hancock Prospecting kwa ubia na Shanghai CRED. Kipande kimoja chenye kasoro kilichelewesha mali yote. Kwa hiyo jiulizeni kwanza: je, katika mashamba yenu manne kuna lenye mgogoro wa mpaka, deni au sharti la serikali? Hilo litengeni mapema.

Mfanyabiashara wa Mazao

Mimi naunga mkono njia ya tatu. Katika bonde la Murray-Darling, Australia, haki ya maji inauzwa na kununuliwa bila ardhi, tena mkulima anaweza kuuza mgao wa msimu mmoja tu na kubaki na haki yake. Mnunuzi wa maji hajali uzio wako umechakaa au nyumba inavuja. Fedha huja haraka.

Mhandisi wa Umwagiliaji

Ndugu Mfanyabiashara, uliyoyasema ni kweli kwa huko, lakini kwingi duniani kibali cha maji hutolewa kwa ajili ya shamba fulani na matumizi fulani, na hakihami bila ridhaa ya mamlaka ya maji. Kabla ya kuihesabu njia ya tatu kuwa ni njia, someni kibali chenyewe: kimeandikwa kwa jina la nani, kina ukomo lini, kinaruhusu kuchota kiasi gani, na wakati wa ukame kinapunguzwa kabla au baada ya vibali vya wengine. Haki mbili zenye kiasi kilekile kwenye karatasi zinaweza kutofautiana sana mwaka mto unapokauka.

Hata sheria ikiruhusu, tafakarini kitakachobaki. Milimita 1 ya maji juu ya hekta 1 ni mita za ujazo 10. Zao linalohitaji milimita 600 katika msimu linataka mita za ujazo 6,000 kwa hekta. Ukimwagilia kwa mifereji, ambapo takribani asilimia 60 tu ya maji hufikia mizizi, itakubidi uchote 10,000. Ukitumia mitambo ya kunyunyiza yenye ufanisi wa asilimia 75, utachota 8,000. Kibali cha mita za ujazo 2,000,000 kinatosha hekta 200 kwa njia ya kwanza na hekta 250 kwa ya pili. Kwa hiyo shamba lenu la bonde lipimwe kwa hekta zinazoweza kumwagiliwa hadi mavuno katika mwaka mbaya, wala si kwa ukubwa ulioandikwa kwenye hati. Mkiwa na mtambo wa kuzunguka, yaani bomba refu linalonyunyiza likizunguka nguzo ya katikati, kumbukeni pia kwamba duara hufunika karibu asilimia 78 tu ya kiwanja cha mraba. Pembe nne zilizobaki ni ardhi kavu, na muuzaji mwaminifu haziiti za umwagiliaji. Nayo ardhi ya bonde ikiondolewa maji hairudi kuwa malisho kwa msimu mmoja. Itabaki tupu, ikiota magugu, na wanaotumia mfereji mmoja nanyi watabebeshwa gharama ya kuutunza bila ninyi.

Pimeni chumvi ya maji ya visima na ya udongo kabla mnunuzi hajapima. Akiigundua yeye, atashusha bei kuliko kasoro yenyewe inavyostahili.

Mnunuzi wa Zamani

Nasisitiza hilo la visima. Nilinunua shamba ambalo pampu yake iliwashwa mbele yangu kwa muda wa dakika kumi, maji yakatoka kwa nguvu hadi nikalowa viatu, nikaridhika. Msimu wa kwanza, baada ya saa sita za kusukuma, kilitoka kikohozi cha hewa na matope. Kisima hakikuwa kimeharibika, ila maji yalishuka haraka kuliko yalivyorudi. Tangu siku hiyo sikubali jaribio la chini ya saa 24, na huwa nalala palepale penye pampu. Muuzaji anayekubali jaribio hilo bila kusitasita tayari amenishawishi nusu.

Mfugaji wa Ranchi

Wote mmezungumzia maji na hakuna aliyeuliza ng'ombe wanakula nini kiangazi. Ng'ombe wa kilo 450 hula takribani kilo 11 za chakula kikavu kwa siku. Kundi la ng'ombe 500 kwa siku 120 za kiangazi linahitaji tani 660. Ndugu Msimamizi, kama lusani na mabua ya mahindi ya bondeni ndiyo yanayolivusha kundi la shamba la juu, basi mashamba hayo matatu ni shamba moja lenye hati tatu. Ukiyatenganisha, mnunuzi wa malisho atalazimika kupunguza kundi au kununua chakula, naye atalipa bei ya shamba lenye ng'ombe wachache. Ranchi ya mbali ni jambo jingine. Kama ng'ombe wake hawajawahi kuonja lusani ya bondeni, iuzwe peke yake kwa mtu anayeishi jirani nayo.

La pili ni hesabu ya mifugo. Daftari likisema 1,400, msiuze 1,400. Wakusanyeni wote, wapitisheni mmoja mmoja kwenye kibanio (njia nyembamba ya kupitishia ng'ombe), na kila anayepita akatwe nywele za ncha ya mkia. Mwenye mkia uliokatwa hahesabiwi tena hata akirudi kwa mlango mwingine.

Wakili wa Mali

Kwa ufupi: hakikisheni warithi wote sita wametia sahihi, rehani zimetajwa, na mikataba ya wapangaji na wafanyakazi imewekwa wazi. Katika mauzo ya pamoja, mkataba utaje tarehe na saa ambayo hatari ya mazao na mifugo inahamia kwa mnunuzi. Ngano ikichomwa na moto wiki moja kabla ya makabidhiano, swali la kwanza litakuwa ni ngano ya nani.

Msimamizi wa Mirathi

Nawashukuru nyote kwa dhati. Jana nilifungua sanduku la baba na kukuta daftari la saa za pampu, limeandikwa kwa kalamu ya risasi kila jioni kwa miaka saba, na pembeni yake idadi ya marobota ya lusani yaliyopelekwa shamba la juu. Hakuna kiangazi hata kimoja ambacho hayakupelekwa. Kwa ranchi ya mbali hakuna hata robota moja.

Nimewaandikia ndugu zangu kwamba mashamba matatu ya huku yatangazwe kama fungu moja, pamoja na kibali chake cha maji na ng'ombe watakaohesabiwa upya, na ranchi ya mbali itangazwe peke yake. Fundi wa pampu anakuja Jumatatu kuanza jaribio la saa 24 katika kisima cha kwanza. Ndugu Mhandisi, tafadhali nieleze kiwango cha maji kisimani kipimwe kila baada ya muda gani.

Mhandisi wa Umwagiliaji

Kila dakika moja kwa dakika kumi za kwanza, kisha kila dakika tano hadi itimie saa nzima, kisha kila nusu saa. Pampu ikizimwa msiondoke. Pimeni vilevile jinsi maji yanavyorudi, kwa kuwa mnunuzi mzoefu atasoma safu hiyo kwanza.