Kusakinisha Linux kwenye kompyuta isiyosoma CD wala kuwaka kwa flashi

Swali

Ndugu wataalamu, salamu. Nina kompyuta mpakato ya zamani yenye prosesa ya biti 32, RAM ya MB 512, na Windows XP ambayo bado inafunguka vizuri. Kisomeo chake cha CD kimekufa, na katika orodha ya vifaa vya kuwashia ya BIOS (programu ya msingi inayoamsha kompyuta) naona diski kuu, CD na mtandao tu. Flashi nimeiandaa mara tatu kwa programu mbili tofauti, na kila mara kompyuta huipita na kufungua Windows. Kwa kuwa Windows XP iliacha kupata masasisho ya usalama Aprili 2014, sithubutu kuingia nayo kwenye intaneti. Je, naweza kuweka Linux bila kununua kisomeo kipya?

Jibu la kwanza

Inawezekana, ndugu. Maadamu BIOS yako inataja mtandao, kompyuta nyingine yenye Linux inaweza kuipelekea faili za kuwashia kupitia kebo, ukitumia programu ya dnsmasq, ambayo hutoa anwani za mtandao na faili kwa pamoja. Ziunganishe kompyuta hizo mbili moja kwa moja, zisiguse ruta, maana ruta nayo hugawa anwani na majibu yatagongana. Kisakinishi kikishaonyesha ukurasa wa kuchagua lugha, kimekwisha kuingia chote kwenye RAM. Hapo chomoa kebo uihamishie kwenye ruta, ili kipakue vifurushi vya programu vilivyobaki. Chagua Debian 12 (Debian ni aina mojawapo ya Linux), kwa sababu Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32.

Jibu la pili

Naheshimu ushauri huo, lakini Windows inayofunguka ni mlango tosha, wala huhitaji kompyuta ya pili yenye Linux. Pakua GRUB4DOS, programu ya kuwashia mifumo, kwa kompyuta unayoiamini, kisha uhamishe kwa flashi faili yake iitwayo grldr hadi kwenye C:\. Hapo hapo weka faili mbili za kisakinishi cha mtandao cha Debian, yaani linux na initrd.gz. Nakili pembeni kwanza boot.ini, faili ya Windows yenye orodha ya mifumo ya kuwasha, kisha ongeza mstari huu mwishoni mwake:

C:\grldr="Linux"

Halafu tengeneza faili ya menu.lst yenye maneno haya, ikiwa Windows iko kwenye patisheni (sehemu ya diski) ya kwanza:

title Linux
root (hd0,0)
kernel /linux
initrd /initrd.gz

Ukiwasha upya, utaona chaguo la Linux chini ya Windows. Nakusihi sana usifute patisheni ya Windows siku hiyo, hata kama kisakinishi kinakuruhusu. Umeme ukikatika katikati ya kazi baada ya Windows kufutwa, utabaki na kompyuta isiyo na kisomeo, isiyo na flashi na isiyo na mfumo wowote wa kuanzia. Ipunguze tu, usakinishe Linux kando yake, na uifute baada ya kuiona Linux ikiwaka yenyewe mara kadhaa. Tumia kebo badala ya Wi-Fi, na kwa RAM hiyo chagua LXDE, mwonekano mwepesi wa madirisha na menyu.

Jibu la tatu

Yote yakishindikana, toa diski kuu, iunganishe na kompyuta nyingine kwa adapta ya USB, usakinishe kutoka huko. Kagua ukubwa wa diski kabla ya kuthibitisha, na hakikisha GRUB, programu inayoiwasha Linux, inaandikwa kwenye diski hiyo, si kwenye ile ya kompyuta uliyoazima.

Mwuliza swali

Ahsanteni sana. Nimefuata njia ya GRUB4DOS. Mara ya kwanza iliishia kwenye mstari wa amri, kumbe Windows ilikuwa imeificha tamati ya faili, na jina lake halisi lilikuwa menu.lst.txt. Nilipolirekebisha, kisakinishi kilifunguka papo hapo, na sasa ninaandika haya kutoka kwenye kompyuta hiyo hiyo. Windows bado ipo. Nitaifuta wiki ijayo.