Naomba ushauri: mama mwenyeji anataka nimwite jina tu

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Nipo Leipzig, Ujerumani, mwezi wa pili sasa, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Naishi na familia. Mama wa hapa anamzidi umri mama yangu wa Tanga, lakini kasema nimwite jina lake, hivihivi. Ulimi unagoma. Nikiwa na shida namfuata jikoni, nasimama nyuma yake, nakohoa mpaka ageuke. Juzi kaniuliza kama naumwa kifua!

La pili ni chakula cha usiku. Saa kumi na mbili jioni mezani kuna mkate, jibini na matango, vyote baridi. Akiuliza kama naongeza nasema hapana, ile hapana ya adabu, nikisubiri anibembeleze. Habembelezi. Sahani inaondoka. Saa nne usiku tumbo linanguruma, na Jumapili maduka yamefungwa, hakuna cha kukimbilia kwa mangi.

Mliowahi kuishi huku, mlifanyaje? Naweza kuomba nipike wali maharage hata mara moja kwa wiki bila kuonekana nadharau mkate wao? Na hilo jina je? "Mama" nilijaribu, akacheka, akasema namzeesha.