Mjadala: Baada ya PrEPVacc, tuendelee kujaribu chanjo za DNA?

Kessy: Jaribio la chanjo za VVU la PrEPVacc, lililofanyika Masaka (Uganda), Dar es Salaam, Mbeya na Durban (Afrika Kusini), lilisitisha uchanjaji Novemba 2023: dalili za kuzuia maambukizi hazikuonekana. Michanganyiko yote miwili ya chanjo iliyojaribiwa ilikuwa na DNA. Tuachane nayo. Plasmidi, yaani duara la DNA linalobeba jeni ya chanjo, lazima ipenye utando wa seli, halafu wa kiini, ndipo jeni yake inakiliwe. Nyingi humeng'enywa njiani. mRNA, nakala ya jeni inayosomwa nje ya kiini, haina safari hiyo ya pili.

Mwajuma: Kessy, kufika ni shida, nakubali. Lakini zile chache zinazofika zinafanya kazi kubwa. Seli yenyewe hutengeneza antijeni, yaani protini ambayo kinga hujifunza kuitambua, na kupandisha vipande vyake juu ya utando, seli T za CD8, zinazoua seli zilizoambukizwa, zikaviona kama vya kirusi halisi. Protini inayovuja nje huchukuliwa na seli za dendriti hadi kwenye tezi za limfu, huko seli T za CD4, wasaidizi wa kinga, na seli B, watengenezaji wa kingamwili, zikaamka. Kwenye HIVIS03, jaribio la chanjo ya VVU la watu 60 Dar es Salaam, baada ya sindano tatu za DNA waliochanjwa 22 kati ya 38 walikuwa na seli T zinazoitambua Gag, protini ya VVU. Walipoongezewa MVA, kirusi kilichodhoofishwa kinachobeba jeni za VVU, mara moja tu, wote 35 waliitikia. DNA ndiyo iliyotayarisha kinga.

Kessy: Seli T kuitikia maabara siyo mtu kukingwa. PrEPVacc imetuonyesha hivyo.

Salum: VVU visiwe kipimo pekee. India iliidhinisha ZyCoV-D ya UVIKO-19 Agosti 2021: miligramu 2 kwa dozi, siku ya 0, 28 na 56, ufanisi asilimia 66.6. Inastahimili nyuzi 25 kwa miezi mitatu, na zahanati yenye friji bovu inajua thamani ya hilo. Kazi iko kwenye bomba lake lisilo na sindano, linalosukuma dawa kwa kasi kupitia ngozi. Lisiposimama wima na kubana ngozi sawasawa, dawa inabaki juu ya ngozi, inang'aa kama jasho. Dozi imepotea.

Rehema: Na kuingia kwenye kromosomu zetu?

Mwajuma: Plasmidi haibebi kimeng'enya cha kujipachika. Uwezekano ni mdogo mno, ila si sifuri, ndiyo maana hupimwa kwa wanyama kwanza.

Kessy: Basi sharti langu: jaribio jipya lilinganishe DNA na mRNA ana kwa ana, na mahudhurio ya dozi ya tatu yahesabiwe kama sehemu ya ufanisi. Safari tatu kliniki si jambo dogo.