Albamu ya dakika 17 ya Frankie Cosmos, na nyimbo zangu fupi: nizirefushe?

mtoto_wa_kisauni
Wadau salama? Kuna albamu imeninasa wiki hii yote, Zentropy ya Frankie Cosmos, ya 2014. Ni dada wa New York, jina lake khasa Greta Kline, kabla ya hapo alikuwa akijirekodi nyumbani na kupandisha Bandcamp, ule mtandao wa wanamuziki kuweka na kuuza nyimbo zao, mavitu mengi ajabu, hii ndo ya kwanza aliyoingia studio na bendi. Nyimbo 10, dakika kama 17 zote, ukipanda matatu Bamburi hujafika mjini ishakwisha. Gita, besi, dramu, na sauti ya chini kama yuwasema na wewe peke yako. "Sad 2" anamlilia mbwa wake JoeJoe aliyekufa, najua kwetu watu hawamlilii mbwa lakini huzuni ile ni ya kweli, mie ilinishika.

Sasa swali. Naandika nyimbo za gita kwa Kiswahili na nyingi hazifiki dakika mbili. Kila nikimsikizisha mtu ananambia mbona umekatia njiani. Nizirefushe ama niziache?

BintiMajengo
Mie nimelelewa na taarab kwa hivo nitakwambia ninavyoona. Zein l'Abdin akianza na udi wake anazunguka weee, hajatia neno na wala hutaki aharakishe. Na ubeti una vina na mizani, ukiukata katikati umeuharibu. Hao wakwambiao umekatia njiani, ni maneno ndo yamekatika ama ni muziki? Maana dawa yake si moja.

Zentropy nimeisikiza usiku huu. "Buses Splash with Rain" imenipendeza sana, mvua hizi za hapa na matatu zinavyoturushia maji imeniingia vizuri. Nyengine zikanipita nikabaki na hamu, na hamu si mbaya, lakini ikiwa wimbo baada ya wimbo nachoka.

santuri_za_babu
Ufupi si jambo geni kwetu jamani. Siti binti Saad alipokwenda Bombay 1928 kurekodi, santuri za wakati ule upande mmoja ulichukua kama dakika 3 tu, na watu pwani nzima walizipenda. Mashine ndo iliyopanga urefu, na waimbaji wakajua kuingia moja kwa moja.

Huko Marekani pia huyu dada si wa kwanza. Tafuta albamu Bee Thousand ya bendi ya Guided by Voices, 1994, nyimbo 20 kwa dakika kama 36. Kiongozi wao Robert Pollard alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Dayton, Ohio, wakirekodi majumbani kwa mashine za kaseti. Usirefushe kwa sababu ya maneno ya watu, kijana.

fundi_sauti_likoni
Naongeza kidogo kwa upande wa kazi. Mara nyingi mtu akisema umekatia njiani si kwamba wimbo ni mfupi, ni kwamba hakujua unakwisha. Rudi Zentropy usikize mwisho wa kila wimbo tu, acha katikati, utaona sauti inatua mahali halafu gita linanyamaza. Kwako labda unaachia tu kamba, ama unazima simu ya kurekodia kabla mlio haujafa, acha mlio ufe wenyewe ndo uzime. Na tafadhali usiongeze kibwagizo mara ya tatu ili ufike dakika tatu, hapo ndo watu huruka wimbo.

Bendi pia inasaidia. Dramu zikisimama pamoja na gita kila mtu anajua tumefika, ukiwa peke yako na gita kavu hiyo kazi ni ya mkono wako.

mtoto_wa_kisauni
Dada BintiMajengo nimezirudia zote leo, mmoja kweli maneno yalikuwa hayajafika, kisa kimeanza hakina mwisho, huo nautilia ubeti. Zilobaki ni vile alivosema fundi, nazima haraka. Ijumaa nitapandisha tatu hapa, mzee santuri na wewe usikize, mniambie ukweli.

BintiMajengo
Ule wa ubeti uweke wa kwanza.