Kauli ya "si wangefuata sheria tu" kila gazeti linapofungiwa imenichosha!

Wakuu,

Naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi. Gazeti likifungiwa tu, hawakosekani wa kusema, "Si wangefuata taratibu?" Taratibu zipi jamani? Kazitunga nani?

Nicaragua, kuanzia 2018, forodha ilishikilia karatasi na wino wa gazeti la La Prensa hadi Februari 2020. Gazeti likapungua kurasa, likakonda. Hizo nazo ni taratibu! Ufilipino, kituo cha ABS-CBN kiliamriwa kuzima matangazo Mei 2020 kwa maelezo kwamba kibali chake cha miaka 25 kimeisha. Julai wabunge wakakataa kukiongezea muda, baada ya Rais Duterte kukitishia hadharani kwa miaka.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tunajua. Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016 iliyaweka magazeti chini ya leseni. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ikasema vifungu vyake kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Magazeti yaliyokuwa yamefungiwa, Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima, yakaja kufunguliwa Februari 2022, na watu wakapiga makofi. Sawa, lakini miaka ile yote mwandishi wake alikula nini? Mchapaji je? Msomaji aliyenyimwa habari atarudishiwa vipi?

Kinachoniuma zaidi ni maneno yenyewe: "uchochezi", "upotoshaji", "habari za uongo". Hayana mipaka. Urusi tangu Machi 2022 unaweza kufungwa hadi miaka 15 kwa "habari za uongo" kuhusu jeshi, na anayeamua uongo ni upi ni dola ile ile inayoandikwa. Mlalamikaji ndiye huyo huyo hakimu! Ndiyo maana mhariri hasubiri simu ya waziri. Habari ya wizi wa fedha za umma inaletwa mezani, ina nyaraka, ina mashahidi, naye anaifungia kabatini mwenyewe kwa sababu leseni inakaribia kuisha. Gazeti linatoka kesho yake kama kawaida, na msomaji hajui amenyimwa nini.

Sasa wewe wa "wafuate sheria", nitajie kifungu alichovunja Dawit Isaak, mwandishi wa habari wa Eritrea. Eritrea ilifunga magazeti binafsi yote Septemba 2001, naye akakamatwa mwezi huo huo. Hajafikishwa mahakamani hata siku moja. Nitajie kifungu, nasubiri.